Kikombe cha Maste

Mwanangu alidhani Maste ni mtu.

Sikumcheka. Ukiisikia salamu ile kwa masikio ya mtoto wa miaka minne, utamwelewa. Kila jioni Bibi Vifungo, jirani yetu wa chini, akitufungulia mlango, aliweka viganja vyake pamoja mbele ya kifua, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Namaste." Ni salamu ya Wahindu, na yeye ni Mhindu aliyezaliwa na kuzeekea mtaa huu huu. Lakini Chiriku wangu, ambaye kazi yake duniani ni kuokota maneno na kuyarudisha yakiwa yamepinda, alisikia vitu viwili: *na*, kisha *Maste*. Yaani bibi yupo, na Maste naye yupo. Akawa anachungulia nyuma ya bibi kumtafuta huyo wa pili.

"Mama, mbona Maste hajitokezi?"

"Labda ana haya."

"Haya ya nini, na kila siku anatajwa?"

Ningeweza kumsahihisha siku ile ile, na yangeishia hapo. Sikufanya hivyo. Chumba chetu kilikuwa na watu wawili tu, na lile jina la tatu lilikijaza kidogo.

Kilikuwa chumba cha ghorofa ya juu, dirisha lake likitazamana na ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba wakipaka rangi wao, tunakohoa sisi. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari. Koti la Baba Chiriku ndipo lilipokuwa likining'inia, kabla hajaondoka kwenda mbali kuchomelea mabomba kwa mkataba. Tangu aende sikutundika kitu pale. Kanga yangu niliiweka kitini, mkoba nikauweka chini, msumari ukabaki wazi kama kiti cha mtu aliyetoka mara moja.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Ni kazi nzuri ukipenda joto. Watu huingia, huweka mzigo wa nguo mezani na kuusemesha mzigo. "Hii kola iangalie." "Hilo doa lisirudi tena." Nguo zao nazijua kwapa kwa kwapa, lakini nikikutana nao barabarani wananipita kama nguzo ya taa. Kuna siku nilirudi nyumbani nikagundua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyenitazama usoni isipokuwa Chiriku, na yeye alikuwa anatafuta kama nimebakisha biskuti mdomoni.

Bibi Vifungo nilimjua kwa ajali. Niliyeyusha kifungo cha shati la mteja kwa pasi, nikakimbilia lile duka la chini ya jengo letu ambalo siku zote nilidhani limefungwa. Ndani kulikuwa na droo kutoka sakafuni hadi darini, na kila droo imeshonewa kifungo kimoja usoni kukuonyesha kilichomo. Katikati ya droo hizo alikaa bibi mdogo mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Kuniona tu akaunganisha viganja na kuinama. Mimi nikajua ananiomba radhi kwamba bidhaa imekwisha. Sisi si ndivyo tunavyoomba?

"Usijali, bibi," nikamwambia, "nitatafuta kwingine."

"Hujasema hata unataka nini," akanijibu, "hicho unachokwenda kukitafuta kwingine ni kitu gani?"

Tukacheka. Nikapata kifungo. Siku chache baadaye nikamweleza kwamba nimejiandikisha shule ya jioni lakini sina pa kumwacha mtoto, akanikatiza kabla sijafika kwenye ombi lenyewe. "Mlete. Mimi jioni nina nini? Nina redio, na redio ukiijibu haikusikii."

Basi tukawa hivyo. Mimi darasani, Chiriku chini akipanga vifungo kwa rangi, bibi akimpigia hadithi na kusinzia katikati yake.

Darasani kwetu ni watu wazima watupu, magoti yetu yanagonga madawati. Jioni moja mwalimu wa Kiswahili alitufundisha neno *na*. Akasema ni dogo lakini halina likizo: linaunganisha, linafuatanisha, linamtaja aliyetenda. "Liondoeni maishani mwenu," akasema, "muone mtabaki na nini." Wenzangu wakaangua kicheko, maana hata yeye alishindwa kuliondoa kwenye sentensi yake. Mimi nilicheka nikiwa nimechelewa. Nilikuwa namfikiria Maste.

Nyumbani alikuwa ameshapewa kikombe. Chiriku alikitoa mwenyewe rafuni: kikombe cha bati cha buluu, mdomo umebanduka rangi upande mmoja. Kilikuwa cha baba yake. Nilitaka kumkataza, kisha nikaona afadhali kiwe mezani na chai ndani kuliko kufudikizwa kule juu kikishika vumbi. Tukawa tunamimina vikombe vitatu. Cha Maste nilikinywa mimi, kikiwa kimeshapoa, Chiriku akishakwenda kucheza.

Baba Chiriku alipiga simu kila Jumapili mchana. Ndiyo ilikuwa siku yetu. Jumapili ile nilikuwa uani naanika nguo, simu nimeiacha kitandani. Niliporudi nikamkuta Chiriku ameikumbatia, uso unang'aa.

"Baba amepiga! Ameuliza jioni nakaa na nani ukienda shule."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia na Bibi na Maste. Akasema Maste ndiyo nani. Nikasema anakaa chini, lakini anapenda kuja kwetu. Tunakunywa naye chai."

Nikaanza kucheka.

"Nikamwambia ana kikombe chake. Kile cha baba."

Kicheko kikanikauka. "Baba akasema nini?"

"Hakusema. Simu ikalala."

Nikampigia. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena, imezimwa. Nikaandika: *Maste si mtu.* Nikausoma ule ujumbe nikaona ndio hasa ambao mwanamke mwenye Maste angeuandika. Nikaufuta. Nikaandika kwamba ni salamu tu ya jirani, mtoto amechanganya, nipigie nikueleze. Ukaenda. Kesho yake jioni ukaja wake, maneno mawili: *Niko kazini.* Baada ya hapo, kimya.

Jumapili iliyofuata niliishinda nikiwa na simu kifuani kama mtu aliyebeba yai. Haikulia. Na iliyofuata haikulia. Sijui kama umewahi kusubiri simu katika chumba kimoja na mtoto. Unatabasamu, unasuka nywele zake, unajibu kwa nini nzi hana kope, na ndani yako kuna mtu amesimama mlangoni hajakaa hata mara moja. Niliogopa kitu kimoja tu, na sikukizungushia maneno: kwamba yule mwanamume angezoea kutotupigia, na siku mkataba wake ukiisha asione sababu ya kurudi kwenye chumba anachodhani kina mwanamume mwingine.

Kwa bibi sikusema. Ningeanzaje? Salamu yako imenivunjia nyumba? Nilimpeleka mtoto, nikapokea namaste yangu, nikaenda darasani kuandika vitu nisivyovisikia.

Ndipo wifi akaja.

Wifi yangu, dada yake Baba Chiriku, ni msusi, na ni mtu wa kutangaza ujio wake kwa juma zima. Safari hii hakutangaza. Nilifungua mlango jioni moja isiyo ya shule nikijua ni mtoto wa jirani anataka kiberiti, nikamkuta yeye, mkoba kwapani, macho yameshanipita yameingia ndani kabla yake.

"Hodi kwa wenyewe," akasema. "Au nimekuja wakati mbaya?"

"Wifi! Karibu, karibu ndani. Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningewakuta wote?"

Akaingia. Chiriku akamrukia: "Shangazi! Shikamoo!" Wifi akamwitikia marahaba, akambusu, huku jicho likitembea. Likatazama kitanda. Likatazama nyuma ya mlango, kwenye msumari mtupu, likatulia kidogo. Kisha likatua mezani, kwenye vikombe vitatu vya chai vikitoa mvuke.

"Hapa mko wawili," akasema polepole. "Cha tatu cha nani?"

"Cha Maste!" akasema Chiriku, kwa furaha yote aliyojaliwa.

Wifi akakaa kitini, juu ya kanga yangu. "Haya. Wifi yangu hongera. Na kikombe mmempa cha kaka yangu. Mimi nilimwambia kaka, usiamini maneno ya mtoto, yule mke wako namjua. Kumbe mimi ndiye simjui."

Mungu anisamehe, nikacheka. Si kwa dharau, ni hofu tu ilikosa pa kutokea.

"Unacheka?"

"Wifi, Maste si mtu. Ni salamu."

"Salamu inakunywa chai?"

"Ni mtoto tu ndiye…"

"Salamu inakaa ghorofa ya chini, inapanda ngazi, inakunywa chai kwa kikombe cha mume wa mtu. Wifi, mimi nasuka vichwa vya watu mchana kutwa. Nimesikia uongo wa kila aina. Huu ni mpya, nakupongeza."

Nilimtazama, nikaona midomo yake inatetemeka. Hakuja kufurahia. Alikuwa amepanda ngazi zile akiomba asikute kitu. Hilo likanipa nguvu ya kumshika mkono.

"Twende chini," nikasema.

Tukashuka, Chiriku mbele akiruka vidato. Duka, ambamo ndimo anamoishi bibi, lilikuwa limefungwa. Nikabisha. Kimya. Nikabisha tena.

"Amekimbia?" wifi akauliza.

"Ana masikio mazito."

"Mhm. Na miguu myepesi."

Nikabisha kwa kiganja. Ndani kitu kikaanguka, redio ikazimwa, ndala zikajikokota. Kitasa kikahangaika. Mlango ukafunguka na hapo akasimama Bibi Vifungo katika sari yake ya pamba iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi, miwani imempanda paji la uso. Akamwona mgeni. Akaunganisha viganja mbele ya kifua, akainama.

"Namaste," akasema.

Wifi alikuwa ameshafungua kinywa. Kikabaki hivyo hivyo. Kisha akainua shingo, akachungulia nyuma ya bibi, pale pale Chiriku alipozoea kuchungulia.

"Hayupo," Chiriku akamwambia kwa upole. "Ana haya."

Nilieleza yote, mlangoni pale pale, kwa sauti ya juu ili bibi asikie, na kadiri nilivyopaza sauti ndivyo nilivyojisikia mjinga zaidi. Bibi alisikiliza ameshika fremu ya mlango. Nilipofika kwenye kikombe akajifuta macho, nikadhani analia, kumbe ni kicheko.

"Umri wangu huu," akasema, "nashikwa ugoni! Ingieni, ingieni. Mume wangu huko aliko anajivuna."

Akatukalisha kati ya droo. Wifi alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, bado hajajua aweke wapi hasira aliyokuja nayo.

"Sasa, bibi," akasema hatimaye, "samahani. Maana yake nini hicho unachosema? Na hiyo mikono?"

"Maana yake nakuinamia. Hilo tu." Akafikiri. "Nama, inama. Sisemi ni neno moja, mimi si profesa. Nasema tu yanafanana, basi masikio yako yasijifanye mageni." Akamtazama wifi kwa makini, miwani sasa puani. "Lakini unadhani nimekuinamia wewe? Sikujui. Ulivyosimama mlangoni ulikuwa na uso wa kuja kupigana. Mimi niuinamie ule uso?"

Wifi akaangalia mkoba wake.

"Uso, jina, ulimi, hasira, hizo ni nguo. Muulize huyu, anapiga pasi. Shati linaning'inia vizuri kabisa, mabega yapo, mikono ipo, ndani hamna mtu. Mimi siamkii shati. Namwamkia aliyelivaa." Akajigusa kifua, kisha akanyoosha kidole kifuani kwa wifi bila kumgusa. "Kwetu tunaamini ndani ya kila mtu amekaa Yule. Mwite Mungu, mwite roho, mwite unavyomwita nyumbani kwenu. Na hakatwi vipande, huyu apewe kikubwa na huyu kidogo. Aliye kwangu ndiye aliye kwako. Ndiyo maana mikono miwili inakuwa mmoja. Angalia." Akaunganisha viganja. "Upande huu mimi, upande huu wewe. Shati limefungwa."

Nje mtu alipita akiburuta kiti.

"Watoto wangu wako mbali," bibi akaendelea, sauti imeshuka, kama anayezungumza na droo. "Asubuhi nafungua duka. Akiingia mtu, hata kama anataka sindano moja, namwinamia, na siku imeanza. Kuna siku haingii mtu. Basi nakwenda kwenye kioo kile, nainama. Msinicheke. Yule yule yuko kule pia. Si vizuri kumwacha bila salamu kisa hakuna wageni."

Chiriku alikuwa amesikiliza kichwa kimeinama upande. "Kwa hiyo Maste yuko ndani ya bibi?"

"Na ndani yako."

"Na ndani ya mama?"

"Huko ndiko anakonywea chai," akasema bibi, na mimi nikageukia droo za vifungo vyeusi, nikazisoma moja baada ya moja mpaka macho yakakauka. Nilikuwa nimekinywa kikombe kile jioni zote zile kimepoa, nikidhani nanywa ya mtu asiyekuwepo.

Wifi aliondoka bila kukaa sana. Mlangoni mwa jengo alinitengenezea kola ambayo haikuwa na tatizo.

"Nitamwambia kaka," akasema. "Atanicheka. Nimekuja kukutia moto kwa ajili ya salamu." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Lakini wifi, ule msumari. Tundika kitu. Umenitisha zaidi kuliko kikombe."

Jumapili ikafika. Nilijiambia sitasubiri, nikaamka nikasubiri. Asubuhi ikapita. Nikafua, nikaanika, simu mfukoni. Mchana ukaja, saa yake ikapita, Chiriku akalala usingizi wa mchana kajikunja kama kamba. Nikaosha vikombe. Nilipokifikia cha bati nikakishika muda mrefu kuliko uchafu wake. Nikatundika kanga yangu kwenye msumari. Ilionekana ngeni pale, lakini haikuanguka.

Simu ikalia nikiwa bado nimeipa mgongo.

"Haloo."

Nilisikia upepo kwanza, na chuma kikigongwa mbali. Kisha yeye.

"Hamjambo?"

"Hatujambo."

Akakohoa. Mume wangu hukohoa akitafuta pa kuingilia.

"Na… Maste naye hajambo?"

Nikakaa kitandani. "Maste hajambo. Anakuuliza kwa nini kimya."

"Mwambie alikuwa mjinga."

"Nani, Maste?"

"Mimi, mama wee. Usinisumbue." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Huku wanatuita kwa namba," akasema. "Imeandikwa kwenye kofia. Asubuhi msimamizi anapita anasoma vichwa vyetu. Kuna siku naona kama ile kofia ndiyo iliyokuja kazini, mimi nilibaki huko. Halafu nikasikia kuna mtu anakunywa kwa kikombe changu. Nikasema, haya, na huko pia sipo."

Kiswahili chote cha shule ya jioni kikanikimbia.

"Dada amenieleza alivyosema yule bibi," akasema. "Lakini ameeleza vibaya, anaharakisha. Hebu nieleze wewe."

Nikafungua mdomo kuanza na shati, nikaona ni ndefu, na salio lake ni la kuhurumia. Nikabonyeza sauti itoke nje. Nikaiweka simu katikati ya viganja vyangu viwili, nikaileta kifuani, nikainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa vidole.

"Haloo?" sauti yake ikatokea mikononi mwangu, ndogo. "Mbona kimya? Unafanya nini?"

"Nimekusalimia," nikasema.

Chuma kiliendelea kugongwa kule alikokuwa, mara mbili, mara tatu.

"Basi subiri," akasema. "Nivue hii kofia."

Nikasikia kitu kigumu kikiwekwa chini. Kisha upepo ukakatika ghafla, na chuma kikasikika kwa mbali sana, kama simu imefunikwa pande zote mbili na viganja.